Nyumba, Jirani na Kipando: Nasaha kwa Jamaa Zetu Wanaohama Nyumba Nashville



Ndugu wasomaji, sisi walimu wa madrasa tumezoea kuulizwa mambo ya talaka, mirathi na majina ya watoto wachanga. Miaka hii limeongezeka swali ambalo masheikh wetu hawakulikuta: "Maalim, mkataba wa nyumba unaisha mwezi ujao, tuhamie wapi?" Anayeuliza yuko Nashville, Tennessee, kusini mwa Marekani. Nyuma yake unasikia mkewe akisema lake, na huku kwetu Buyenzi mama yake mzazi ameshatoa uamuzi bila kuulizwa: "Chukueni ile kubwa yenye bustani!"

Tumeona ni vema tuliandike jambo hili kwa utulivu, kwa sababu tumeshaona nyumba inavyoweza kuijenga familia na inavyoweza kuivunja.

Wanaohusika ni wengi. Familia za Warundi na Wakongo waliopitia kambi za Tanzania na Uganda, kama Nyarugusu na Nakivale, zilipelekwa Marekani kwa nyakati mbalimbali, na baadhi zikafikia Tennessee. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, kwa hiyo hatuandiki kwa ajili ya wanaosubiri safari. Tunaandika kwa ajili ya walioko huko tayari, na kwa ajili ya wazee wao walioko huku wanaowashauri kwa simu.

Nyumba ya kwanza hawakuichagua wao. Shirika lililowapokea ndilo lililotafuta fleti, likalipa kodi ya mwanzo na kuweka magodoro. Mtihani ni nyumba ya pili. Hapo baba ameshapata kazi, watoto wameongezeka au wamekua, mwenye fleti amepandisha kodi, na familia inaamua yenyewe kwa mara ya kwanza.

Mji wenyewe ukoje

Nashville si mji mkubwa kama New York wala Chicago. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wasiofika 700,000. Mwaka 1963 mji huo na kaunti yake ya Davidson viliunganishwa chini ya serikali moja. Kuizunguka kaunti hiyo kuna nyingine ambazo wenyeji wa Nashville wanaziita vitongoji vyao: Williamson upande wa kusini, yenye miji ya Franklin na Brentwood, ambako wanaishi matajiri, Rutherford upande wa kusini-mashariki, yenye La Vergne, Smyrna na Murfreesboro, Wilson upande wa mashariki, na Sumner upande wa kaskazini-mashariki.

Wageni wengi huanzia kusini-mashariki mwa Nashville yenyewe, katika eneo la Antioch na kando ya barabara ya Nolensville Pike. Huko utakuta maduka ya Wakurdi, Wamexico, Waarabu na Wasomali yamefuatana. Nashville ina Wakurdi wengi kuliko mji wowote mwingine wa Marekani. Walianza kufika miaka ya 1970, wengi zaidi wakaja miaka ya 1990, na leo wana msikiti wao, mikate yao na nyama yao ya halali. Nyama hiyo anaila na Mrundi pia.

Basi mtu anapotaka kuhama huwa na njia tatu: abaki Antioch au karibu yake, katika fleti ndogo yenye kelele, aende Rutherford akapate nyumba yenye vyumba vitatu na uwanja, au ajikaze aingie Williamson kwa sababu ya shule. Ipi iliyo bora?

Mambo matatu kwa pamoja

Tunazo nasaha za Mtume (S.A.W.) kwamba katika mambo yanayomfanya mtu awe na raha duniani ni mwenza mwema, nyumba yenye nafasi, jirani mwema na kipando kizuri. Tumeifundisha hadithi hii mara nyingi, lakini tukiisoma kwa macho ya mtu anayetafuta nyumba Nashville tunaona jambo ambalo wengi hulipita. Nyumba haikutajwa peke yake. Imetajwa pamoja na jirani na kipando. Ukipata nafasi ya vyumba ukapoteza jirani, na kipando kikakumaliza, hujapata raha.

Msimamo wetu basi ni huu: usiichague nyumba kwa ukubwa wake wala kwa jina la mtaa wake. Ichague kwa safari za kila siku za wote walio ndani yake, na uanze na yule asiyekuwa na gari. Mara nyingi huyo ni mama, na baada yake ni watoto.

Kwanza: kipando

Tufanye hesabu pamoja. Tuseme baba anafanya kazi katikati ya Nashville. Kutoka Murfreesboro ni kama maili 34, yaani kilomita 55. Kwenda na kurudi ni maili 68. Kwa siku 22 za kazi katika mwezi ni maili 1,496. Gari linalokwenda maili 25 kwa galoni moja litakunywa karibu galoni 60. Galoni ikiwa dola 3, ni dola 180 kwa mwezi.

Akikaa Antioch, tuseme maili 12 kutoka kazini, mafuta ni kama dola 63. Tofauti ni dola 117. Mama naye akipata kazi mjini kwa zamu nyingine, mnahitaji gari la pili, na tofauti inafika dola 234. Kwa hiyo kama nyumba ya mbali iliwapunguzia kodi kwa dola 300, zimebaki 66, na hapo hamjalipa bima ya gari la pili, matairi wala fundi.

Kisha hesabuni muda. Barabara kuu namba 24, inayounganisha Murfreesboro na Nashville, hujaa magari asubuhi na jioni. Mtu akipoteza saa mbili kwa siku barabarani, kwa mwezi ni saa 44. Hizo ni saa za kula na watoto, za kumsikiliza mmoja akisoma juzuu yake, na za kulala pia. Baba anaondoka wakati wa alfajiri watoto wamelala, anarudi wamelala. Tutamlaumu nani siku watoto watakaposema hawamjui?

Lakini hesabu hiyohiyo inaweza kugeuka. Kiwanda cha magari cha Nissan kiko Smyrna tangu miaka ya 1980, na kuna maghala na viwanda vingine upande huo. Anayefanya kazi Smyrna, kwake Murfreesboro au La Vergne ndiyo karibu, na Antioch inaweza kuwa mbali. Kwa hiyo hatusemi "msiende Rutherford". Tunasema chukueni karatasi, muandike kila safari ya kila mtu nyumbani, na maili zake, kabla hamjaenda kuangalia nyumba.

Mwenye kutegemea basi ajue kwamba mabasi mengi yako ndani ya Davidson. Novemba 2024 wapiga kura wa Nashville walikubali kuongeza nusu senti kwa kila dola katika kodi ya mauzo, ili mabasi yaongezwe na zijengwe njia za waenda kwa miguu, maili 86. Ni habari njema kwa anayeishi ndani ya kaunti hiyo. Vitongojini kuna mitaa mizuri sana ambayo haina hata njia ya kutembea kwa miguu. Mama asiyeendesha gari akiwekwa huko, nyumba ina vyumba vitatu lakini yeye amefungwa. Hawezi kununua chumvi, hawezi kwenda darasa la Kiingereza, hawezi kumfikisha mtoto hospitali. Tumewasikia mama zetu wa namna hii kwenye simu. Hawalalamiki njaa, wanalalamika kimya.

Pili: jirani

Jibril aliendelea kumuusia Mtume (S.A.W.) juu ya jirani mpaka Mtume akadhani jirani atapewa urithi. Na jirani si Muislamu tu.

Hapa kuna makosa mawili. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba tukikaa na wenzetu watupu tumesalimika. Familia kumi za kambi moja zikiishi jengo moja, na magomvi ya kambi yanahamia hapo, na Kiingereza hakijifunzwi. Kosa la pili ni kinyume chake, na ndilo tunaloliona zaidi kwa waliofanikiwa kidogo: kuwakimbia wenzetu ili "watoto wasiharibike". Wanakwenda mahali ambapo mtoto ndiye mweusi peke yake darasani, Muislamu peke yake, na Mswahili peke yake. Mtoto huyo hana wa kumuuliza "wewe unafanyaje wakati wa Ramadhani?" Anajijibu mwenyewe, na mara nyingi anajibu kwa kuacha.

Wengine wanaogopa vitongoji kwa sababu ya chuki. Tuwape habari kamili. Mwaka 2010 Waislamu wa Murfreesboro walipewa kibali cha kujenga kituo kipya chenye msikiti. Wapinzani waliandamana, wakaenda mahakamani, na baadhi yao wakadai kwamba Uislamu si dini. Agosti mwaka huo mashine za ujenzi zilichomwa moto. Wizara ya Sheria ya Marekani iliingia katika kesi kueleza kwamba Uislamu ni dini na una haki sawa. Mwaka 2012 jaji wa kaunti alibatilisha kibali, Julai jaji wa shirikisho akaamuru Waislamu waruhusiwe kulitumia jengo lao, na Agosti 2012, ndani ya Ramadhani, wakafungua milango. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kulisikiliza shauri la wapinzani.

Kisa hiki kina pande mbili. Chuki ilikuwepo, tusidanganyane. Vilevile walikuwepo majirani, wengi wao Wakristo, waliosimama hadharani pamoja na Waislamu, na ilikuwepo sheria iliyofanya kazi. Leo anayehamia Murfreesboro anakuta msikiti umesimama. Aliyehamia mwaka 2009 hakuwa na jengo hilo.

Jambo jingine la kujua ni sheria ya makazi ya mwaka 1968. Inakataza mtu kunyimwa nyumba kwa sababu ya rangi, dini au nchi alikotoka, na mwaka 1988 iliongezwa kuwalinda wenye watoto. Kwa sheria hiyo dalali haruhusiwi kukuelekeza mtaa fulani au kukuepusha nao kwa sababu ya dini au rangi ya wakazi wake. Kwa hiyo usishangae ukimuuliza "hapa kuna Waislamu?" akakwepa kujibu. Swali hilo halimhusu dalali. Nenda msikitini siku ya Ijumaa ukaulize. Nenda kwenye mtaa wenyewe saa kumi na moja jioni uone nani yuko nje. Wapige hodi wale wanaotarajiwa kuwa majirani, wasalimie. Wahenga wa Kiarabu walisema jirani kabla ya nyumba, na njia ya kumjua jirani ni kwenda kumuona.

Tatu: nyumba yenyewe

Tukishapima kipando na jirani, ndipo tuingie ndani ya nyumba. Nako tuangalie mambo yasiyoonekana kwenye picha za simu.

*Shule.* Marekani mtoto husoma shule ya serikali kulingana na anwani ya nyumba. Ukivuka mpaka wa kaunti umebadili bodi nzima ya elimu. Tangu Desemba 2023 serikali ya Tennessee inazipa shule zake alama, A hadi F, na wazazi wengi wanakimbilia A. Alama ni habari nzuri, lakini haikwambii kila kitu. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1974, katika kesi ya Lau v. Nichols, kwamba shule haiwezi kumuacha mtoto asiyejua Kiingereza akae tu darasani bila kusaidiwa. Basi uliza: hapa kuna walimu wangapi wa kuwafundisha Kiingereza wageni? Shule iliyozoea wageni, hata ikiwa na alama C, inaweza kumfaa mtoto aliyetoka kambini miaka miwili iliyopita kuliko shule ya A ambayo haijawahi kumuona mtoto kama yeye. Akishasimama, hapo hameni.

*Maji na upepo.* Tarehe 1 na 2 Mei 2010 mvua kubwa iliifurika Nashville na mto Cumberland ukaingia mjini. Machi 2021 mafuriko yalirudi, na kijito cha Mill Creek, kinachopita upande wa Antioch, kilifurika. Machi 2020 kimbunga kilipita Nashville ya mashariki hadi Mount Juliet. Nyumba ya kodi rahisi kando ya kijito huenda ina sababu ya kuwa rahisi. Serikali ina ramani za mafuriko zinazotazamwa bure kwa anwani. Na bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Uliza kabla ya kusaini.

*Mkataba.* Mara nyingi ni wa mwaka mzima, na kuuvunja katikati kunalipiwa. Wenye nyumba wengi wanataka kipato cha mwezi kiwe mara tatu ya kodi, na wanaangalia historia yako ya madeni. Asiyejua Kiingereza vizuri asisaini kwa kutafsiriwa na mtoto wa miaka kumi. Muusieni mtu mzima mwaminifu, kwani kusaini ni kuweka ahadi, na Muislamu anaulizwa kwa ahadi zake. Ama kununua nyumba kwa mkopo wa riba, hiyo ni mada yake na tutaiandikia siku nyingine, insha-Allah.

Atakayetupinga

Ndugu mmoja msomi anaweza kutuambia: "Mbona Banu Salima walipotaka kuhama wakae karibu na msikiti, Mtume (S.A.W.) aliwaambia wabaki majumbani mwao, kwa kuwa hatua zao zinaandikwa?" Ni kweli, na katika mapokezi mengine imeelezwa kwamba hakupenda pembezoni mwa Madina pabaki patupu. Ni hoja nzuri, na tunaikubali: kukaa pembezoni si aibu wala dhambi, na anayekwenda mbali kwa ajili ya ibada ana malipo yake.

Lakini angalieni. Banu Salima walikuwa kabila zima lenye mtaa wake. Hawakuwa familia moja katikati ya wasiowajua. Na hatua zao zilikuwa za miguu, mzee na kijana wanaweza. Anayetaka kuwafuata Banu Salima Tennessee asihame peke yake. Wahame familia tatu au nne mtaa mmoja, zipeane zamu za kupeleka watoto madrasa Jumamosi na Jumapili, na mama zao waweze kufikiana kwa miguu. Hapo kitongoji kinageuka kuwa mtaa.

Neno kwetu tuliobaki

Tumalizie kwa kujisema sisi wa huku. Sisi tuliokulia Buyenzi, Nyamirambo au Kibuli tunajua thamani ya mtaa ambao adhana inasikika, mtoto anatumwa chumvi kwa jirani, na kila mtu mzima ana haki ya kumkanya mtoto wa mwenzake. Hatukupata hayo kwa sababu nyumba zetu zilikuwa kubwa. Wengi tulilala watano chumba kimoja. Sasa iweje mwanetu akitutumia picha ya fleti ndogo ya Antioch tumcheke, tumuulize "miaka mitano Marekani, hii ndiyo nyumba?" Maneno hayo yanamfanya asaini mkataba asioumudu ili aturidhishe. Anafanya kazi mbili kulipia sebule ambayo hana muda wa kuikalia.

Akipiga simu, tumuulize maswali mengine. Mkeo anaweza kwenda dukani mwenyewe? Watoto wakitoka shule nani anawapokea? Jirani yako anaitwa nani? Ukiumwa usiku utamgongea nani? Akiwa na majibu, nyumba yake ni kubwa hata ikiwa na vyumba viwili. Akikosa majibu, mwambieni aanze kutafuta, na msimuulize kuhusu bustani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape jamaa zetu huko makazi yenye utulivu na majirani wema, na sisi huku atupe hekima ya kuwashauri bila kuwabebesha. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.